Miguu Inayokataa Kulala

Mtu amechoka, amejilaza, usingizi unaanza kumnyemelea, ndipo miguu inapoanza vurugu. Kuna wanaosema ni kama siafu wanatembea ndani ya mfupa. Wengine husema inavuta, au inatekenya mahali pasipofikiwa na kucha. Kwa wengi si maumivu hasa, bali ni hamu isiyozuilika ya kuisogeza. Akiinuka na kuzunguka chumbani, hali inapoa. Akirudi kitandani, inaanza upya, na asubuhi anakwenda kazini akiwa hoi.

Daktari Mwingereza Thomas Willis aliieleza hali hii mwaka 1672. Karl-Axel Ekbom wa Sweden ndiye aliyeichambua kwa kina na kuipa jina la miguu isiyotulia, mwaka 1945. Hata hivyo hadi leo wapo wagonjwa wanaoambiwa kwamba ni uchovu tu, au mawazo mengi. Hilo linaniuma, kwa sababu maelezo yapo.

Miguu ndiyo inayolaumiwa, lakini shina la tatizo liko kwenye ubongo. Seli za ubongo zinahitaji madini ya chuma ili kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo wa mwili. Kwa wagonjwa wengi chuma hicho ni kichache katika baadhi ya sehemu za ubongo, hata pale damu yao inapoonekana nzuri. Utendaji wa dopamini hubadilika kati ya mchana na usiku, na hiyo ni sababu mojawapo ya dalili kupamba moto jioni.

Kwa hiyo kupima wingi wa damu peke yake hakutoshi. Kipimo cha kuomba ni feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Kwa mtu mzima mwenye miguu isiyotulia, wataalamu hufikiria kumpa chuma hata feritini ikiwa mikrogramu 75 kwa lita, kiwango ambacho majibu ya maabara huonyesha kuwa ni cha kawaida. Tena maambukizi, malaria ikiwemo, hupandisha feritini na kuficha upungufu, hivyo ni vyema kupima baada ya kupona. Asianze mtu kumeza vidonge vya chuma kwa kubahatisha: mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi, kwa mfano, huenda tayari anacho kupita kiasi.

Ninaowafikiria zaidi ni wajawazito. Takriban mmoja kati ya watano hupatwa na hali hii, hasa miezi mitatu ya mwisho. Mama mwenye mimba ya miezi minane anashuka kitandani saa saba usiku, anakanyaga sakafu ya saruji, anajisugua vigimbi vya miguu, anatembea hadi mlangoni na kurudi. Wengi hupona wakishajifungua, lakini mpaka hapo usiku ni mrefu.

Baadhi ya dawa huchochea tatizo. Zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, ambazo watu hununua duka la dawa ili walale, zinaweza kuzidisha vurugu za miguu. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika nayo ni hivyo hivyo. Hata dawa zinazoiga dopamini, zilizotegemewa kwa miaka mingi, zikitumika muda mrefu huweza kufanya dalili zianze mapema zaidi mchana na kupanda hadi mikononi. Ndiyo maana siku hizi madaktari wengi huangalia chuma kwanza.

Muuguzi wa kliniki ya wajawazito anaweza kuuliza swali moja zaidi: mama, usiku ukilala, miguu inakulazimisha uinuke?