Kompyuta Mbili Zisipoonana Nyumbani: Tafuta Hitilafu Bila Kuvunja Kufuli

Lalamiko lilifika kwenye dawati la mahusiano ya polisi na jamii likiwa na sura ya utapeli wa simu. Wakala mmoja wa forodha, mtu mzima anayeheshimika katika mji wetu wa mpakani, alipigiwa simu na mteja wake wa siku nyingi, aliyemwuliza kwa upole, "Mzee, ile ada ya pili niliyotuma jana ni ya nini?" Mzee hakuwa ameomba ada yoyote. Aliyeiomba alilijua jina la mteja, namba ya lori, aina ya mzigo na hata siku lori lilipoingia foleni. Katika wiki ile, wateja watatu walikuwa wamekwisha kulipa.

Tulidhani, kama ambavyo yeyote angedhani, kwamba habari zimevuja kutoka ofisi fulani ya mpakani. Sivyo. Zilitoka sebuleni kwa mzee mwenyewe. Miezi michache kabla ya hapo, yeye na binti yake walitaka kompyuta zao mbili zitumie folda moja: binti aandae ankara mchana, baba azipitie usiku bila kupokezana flashi. Kompyuta zikakataa kuonana. Akaitwa kijana fundi, naye kwa muda mfupi akaizima ngome inayoilinda kompyuta, akaondoa sharti la nenosiri, akaifungua diski nzima kwa "kila mtu". Kazi ikaenda, fundi akalipwa, akashukuriwa. Lakini waifai ya nyumba ile ilitumiwa pia na wapangaji wa vyumba vya uani, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za kwetu, na neno "kila mtu" liliwahusu na wao.

Shauri lenyewe liko mahakamani, kwa hiyo hatutalisema zaidi. Tunachoweza kueleza ni jambo lililotusikitisha tulipozichunguza kompyuta zile pamoja na mtaalamu: karibu yote aliyoyafanya fundi hayakuhitajika. Hitilafu ilikuwa ndogo, nayo ni ya kimpaka hasa.

Ndugu msomaji, wewe unayeishi hapa unajua kwamba nyumba nyingi zina laini za nchi mbili. Ruta ya ukutani hutumia laini ya Uganda, na kile kifaa kidogo cha mfukoni ambacho wengi hukiita maifai hubeba laini ya Kenya, kwa kuwa jioni huenda ikawa na kasi zaidi au vifurushi vyake vikawa nafuu. Kompyuta ya baba ilikuwa imejiunga na ruta; ya binti ilikuwa imejiunga na maifai. Zote mbili zilipata intaneti, zote mbili zilikuwa juu ya meza moja, na bado zilikuwa katika mitandao miwili isiyojuana. Ni sawa na watu wawili waliokaa bega kwa bega, kila mmoja akiwa na simu ya laini nyingine, wakashangaa kwa nini mmoja hasikii mazungumzo ya mwenzake. Fundi, katika kuhangaika kwake, aliihamishia kompyuta ya binti kwenye ruta bila kutambua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa tiba. Alipoona kazi imekubali, aliviacha vyote alivyovifungua vikiwa wazi.

Kwa hiyo anza hapo. Tazama jina la waifai katika kompyuta zote mbili, liwe lilelile. Ikiwa bado una shaka, fungua dirisha la amri katika kila kompyuta, andika ipconfig, kisha soma anwani iliyo kwenye mstari wa IPv4. Katika mitandao mingi ya nyumbani, sehemu tatu za kwanza za anwani hiyo hufanana. Kompyuta yenye 192.168.1.4 na yenye 192.168.1.9 ni majirani. Yenye 192.168.1.4 na yenye 192.168.8.100 kwa kawaida ziko katika mitandao tofauti, na hakuna mpangilio wa folda utakaozikutanisha mpaka moja ihamie upande wa pili. Hali hiyohiyo hutokea kompyuta moja inapojiunga na mtandao wa wageni ambao ruta nyingi huuweka kando. Mtandao huo umeundwa makusudi ili mgeni apate intaneti bila kuviona vyombo vya mwenye nyumba. Ukiukuta umewashwa, usiuzime. Ihamishe kompyuta yako, umwache mgeni alipo. Tena, ikiwa una wapangaji, huko ndiko pa kuwaweka. Ruta nyingi zinaruhusu hilo kwa kubofya mara moja, na hata kifurushi chenyewe hakiongezeki.

Kompyuta zikishakuwa katika mtandao mmoja na bado hazionani, tazama jinsi Windows inavyouita mtandao huo. Kila unapojiunga na waifai mpya, mfumo huuweka ama katika kundi la mtandao wa umma, ambalo kwenye skrini za Kiingereza huandikwa Public, ama katika kundi la mtandao wa faragha, yaani Private. Katika kundi la umma kompyuta hujificha: haijitangazi, wala haipokei wanaobisha hodi. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa ukiwa stendi ya mabasi, hotelini au katika foleni ya malori. Nyumbani, ikiwa wanaotumia waifai ni watu wa nyumba yako tu, badilisha iwe ya faragha, kisha washa ugunduzi wa mtandao na ushirikishaji wa faili kwa kundi hilo pekee. Ngome iache imewaka. Mara nyingi watu huizima ngome kwa sababu hawajui kwamba ina milango yenye kufunguliwa mmoja mmoja. Kuizima yote ili faili zipite ni kung'oa ukuta wa nyumba kwa kuwa mlango ulikwama. Ukiwa na programu ya kinga dhidi ya virusi uliyoinunua kando, ikague nayo, maana baadhi yake huleta ngome yake yenyewe.

Usikate tamaa upesi ikiwa jina la kompyuta ya pili halitokei katika orodha ya mtandao. Orodha hiyo huchelewa, na wakati mwingine hudanganya. Andika anwani moja kwa moja katika upau wa juu wa dirisha la faili: alama mbili za mkwaju ulioinama nyuma, kisha jina la kompyuta, kwa mfano \\ofisi. Ikifunguka, hakuna hitilafu ya kutafuta tena. Hakikisha pia kwamba kompyuta yenye folda haijalala. Tumekwisha kuitwa nyumbani kwa mtu kwa ajili ya "wavamizi wa mtandao" ambao hawakuwa zaidi ya kompyuta mpakato iliyofunikwa.

Sasa tufike mahali ambapo watu wengi hukosea, napo ni kwenye nenosiri. Kompyuta imeonekana, umeibofya, nayo inauliza jina la mtumiaji na nenosiri. Unaandika ile namba fupi ya siri unayoifungulia kompyuta kila asubuhi, inakataa. Unarudia mara tatu; inakataa. Sababu ni kwamba namba hiyo fupi ni ya kufungulia kompyuta ile ukiwa umekaa mbele yake tu, haisafiri mtandaoni. Kinachotakiwa ni nenosiri kamili la akaunti iliyo katika kompyuta yenye folda. Na ikiwa akaunti hiyo haina nenosiri kabisa, Windows kwa kawaida huikatalia kuingia kupitia mtandao. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huondoa sharti lote la nenosiri, na hapo ndipo mzee wetu alipoachiwa mlango wazi.

Njia iliyo salama haichukui robo saa. Katika kompyuta yenye folda, tengeneza akaunti ya pili ya mtumiaji wa kawaida, isiyo na mamlaka ya msimamizi. Uipe jina la kazi yake, tuseme ankara, na nenosiri refu. Shirikisha folda moja tu, ile inayohitajika, wala si diski nzima wala folda ya nyaraka zako zote. Mpe ruhusa mtumiaji huyo peke yake, na uliondoe lile kundi la kila mtu. Kisha, kwenye kompyuta ya pili, andika jina hilo na nenosiri lake mara moja na uiruhusu iyakumbuke. Jambo moja huwasumbua hata wazoefu: ruhusa zipo za aina mbili, za ushirikishaji na za folda yenyewe, na zikitofautiana, iliyo kali zaidi ndiyo hushinda. Ukiona unaweza kusoma faili lakini huwezi kuhifadhi mabadiliko, mara nyingi ndiko hitilafu iliko. Vilevile, ukiwa umebadilisha nenosiri na kompyuta ya pili inaendelea kukataliwa, huenda bado inatuma lile la zamani ililolikumbuka. Lifute mahali manenosiri yanapotunzwa, uliandike upya.

Wako pia wenye kompyuta kongwe. Mashine ya Windows XP huzungumza toleo la kwanza tu la lugha ya kushirikishana faili, iitwayo SMB, na toleo hilo haliwekwi tena katika Windows mpya tangu mwisho wa mwaka 2017. Utashauriwa ulirudishe. Usilirudishe. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya uharibifu iliyoitwa WannaCry ilianza kuenea kupitia udhaifu wa toleo hilohilo. Ilizifunga faili za watu na kudai malipo ya Bitcoin, ikazikumba kompyuta katika nchi zaidi ya 150, na hospitali kadhaa za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Marekebisho yake yalikuwa yametolewa na Microsoft tangu mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao hawakuyaweka. Ikiwa ni lazima kuzitoa faili katika mashine ya namna hiyo, afadhali flashi iliyokaguliwa virusi, na mashine isiunganishwe na mtandao. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya kawaida Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Wenye hizo wajue wanatembea na umri.

Kwa wenye kompyuta mpya, mambo huja kinyume. Toleo la Windows 11 la mwaka 2024, katika aina yake ya kitaaluma, halikubali kuingia katika folda kama mgeni asiye na jina. Wengi waliozoea folda zisizo na nenosiri waliona zimefungwa ghafla baada ya kusasisha, wakadhani mfumo umeharibika. Haukuharibika. Tengeneza akaunti kama tulivyoeleza hapo juu, nayo folda itafunguka.

Umeme nao una lake. Ukikatika na kurudi, ruta inaweza kugawa anwani upya, na njia ya mkato uliyoitengeneza kwa anwani ya jana ikaelekea kusikokuwa na mtu. Tumia jina la kompyuta badala ya anwani, au ndani ya mipangilio ya ruta uitengee kompyuta hiyo anwani ya kudumu.

Huenda msomaji akauliza polisi wanahusikaje na folda za watu. Wakala wa forodha, mwenye nyumba ya wageni, mbadilisha fedha, karani anayewajazia wafanyabiashara wadogo vyeti vya asili ya bidhaa: wote hawa huweka katika kompyuta zao nakala za vitambulisho, pasipoti na kadi za homa ya manjano za watu wengine. Sheria za Uganda na Kenya za mwaka 2019, ya Rwanda ya mwaka 2021 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zinamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Zikivuja nchini Uganda, mamlaka husika inapaswa kuarifiwa mara moja. Nchini Kenya muda ni saa 72. Na aingiaye kwa makusudi katika taarifa za mwenzake bila idhini anatenda kosa chini ya Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Mzee wetu, pamoja na uchungu wa kutapeliwa wateja wake, ilimbidi amweleze kila mmoja wao kwa mdomo wake jinsi jambo lilivyotokea. Wawili wamehamia kwa wakala mwingine.

Ukishuku kwamba mtu amepita katika folda zako, au ukikuta faili zimefungwa na kuna ujumbe wa kudai pesa, iondoe kompyuta kwenye mtandao papo hapo kwa kuchomoa waya au kuzima waifai. Usiifute, usiiwekee Windows upya, wala usimruhusu fundi "aisafishe" kabla hatujaiona, kwa kuwa ushahidi huondoka pamoja na uchafu. Upige picha ujumbe huo kwa simu. Andika saa uliyoligundua jambo na majina ya wote wanaolijua nenosiri la waifai yako. Kisha njoo kituoni na kompyuta pamoja na ruta yenyewe, maana ruta nyingi hukumbuka ni vifaa gani vilivyojiunga nayo, na nyingine husahau zikizimwa. Kwa sababu hiyo, ikiwezekana, tupigie simu kwanza ruta ikiwa bado inawaka, ili afisa aje kuisoma ilipo.