Usiukate Mpapai Dume Kabla Hujajua Kazi Yake

Mpapai wa uani hutiwa samadi na maji kwa miezi kadhaa, kisha unapochanua hutoa vishada vya maua membamba yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Hukumu hutoka papo hapo: "Huo dume, kata." Wapo wanaoshauri upigiwe msumari shinani ili ugeuke na kuzaa. Kabla panga halijashuka, tuyafungue hayo maua tuone yana nini.

Ua tunalochorewa shuleni lina kila kitu. Nje kuna sepali za kijani zilizolifunika lilipokuwa tumba, kisha petali. Ndani kuna stameni, viungo vya kiume, kila moja ikibeba vifuko vya chavua. Katikati kuna kiungo cha kike: juu stigma inayopokea chavua, chini ovari yenye ovuli, yaani mbegu ambazo bado hazijatungwa. Ua la mharagwe au la mnyanya ndivyo lilivyo. Mahindi yametenganisha: mbelewele za kileleni ni za kiume, na zile nywele za gunzi changa ni za kike, ila vyote vimo katika mmea mmoja. Mpapai umekwenda mbali zaidi, maana mara nyingi mti mzima huwa dume au jike.

Chukua ua la mpapai jike ulibandue. Ni nene, limekaa karibu na shina, na lina petali tano. Ukiziondoa unakutana na papai dogo la kijani, lenye stigma tano zilizochanika ncha. Hilo ndilo ovari. Stameni hakuna hata moja. Ua la dume ni mrija mwembamba. Upasue kwa ukucha, utaona stameni kumi zikiwa na vumbi la manjano, na chini kabisa tone la nekta. Ovari yake imebaki kijiti kisicho na kazi.

Chembe ya chavua ikitua kwenye stigma, huota mrija unaopenya hadi ndani ya ovari na kuifikia ovuli. Mrija huo hupeleka mbegu mbili za kiume. Moja huungana na yai, na hapo huanza kiinitete. Ya pili huunda akiba ya chakula cha mche utakaokuja. Urutubishaji huu wa pande mbili uligunduliwa na Sergei Nawaschin mwaka 1898. Ovuli huwa mbegu, na ovari hunenepa kuwa papai. Kila mbegu nyeusi unayoikwangua kwa kijiko ilihitaji chembe yake ya chavua. Ndiyo maana ua lililopata chavua kidogo huzaa papai dogo, na lililokosa kabisa kwa kawaida hupukutika.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1694 Rudolf Jakob Camerarius wa Tübingen, Ujerumani, alieleza kwamba alipoondoa maua ya kiume kwenye mbarika kabla hayajafunguka, hakupata mbegu nzima.

Basi nani hubeba chavua ya mpapai? Dino Martins na Steven Johnson, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2009, waliichunguza mipapai ya bonde la Kerio, Kenya, wakakuta kazi kubwa inafanywa na nondo wenye miili minene na mirija mirefu ya kunyonyea, wanaoruka kwa kasi magharibi inapoingia. Nondo hufuata nekta ya maua dume. Maua jike hayana nekta, lakini yananukia na kufanana na ya dume kiasi cha kumhadaa mgeni. Nondo huja, hakuti kitu, huondoka, na chavua imeshabaki kwenye stigma. Watafiti hao walionyesha pia kwamba umbali wa shamba kutoka vichaka vya asili, na hali ya vichaka hivyo, huathiri uchavushaji.

Kuna jinsia ya tatu. Baadhi ya mipapai huwa na maua yenye stameni na ovari pamoja. Hujichavusha yenyewe na kuzaa mapapai marefu, wakati ya mti jike huwa ya mviringo. Ukipanda mbegu za miti hiyo iliyojichavusha, kwa wastani theluthi mbili ya miche huwa ya jinsia hiyo na theluthi moja jike. Mbegu za jike aliyechavushwa na dume hutoa nusu kwa nusu. Yote huamuliwa na kromosomu tangu mbegu inapotungwa. Ni kweli mpapai dume mara mojamoja huzaa vipapai kwenye vikonyo virefu, hasa majira yanapobadilika, na hapo msumari hupewa sifa isiyo yake.

Kwa kuwa jinsia haionekani kwa macho kabla ya maua, panda miche mitatu kila shimo na usubiri ichanue. Kisha punguza, ubakize mmoja. Kama mbegu zako ni za aina ya dume na jike, acha dume mmoja kwa kila majike kumi hadi ishirini. Wanaozidi ndio wa kukata. Usipulize dawa ya wadudu jioni maua yakiwa wazi, na usifyeke kichaka chote cha mpakani, kwa sababu nondo wa mipapai yako wanaishi humo.