Mafuta ya Kupuliza: Faida na Mipaka Yake
Adui mkubwa wa kufuli na bawaba ni kutu, hasa pwani, ambako chumvi iliyomo hewani huiharakisha. Mwaka 1953, huko San Diego, Marekani, yalibuniwa mafuta ya WD-40. Jina hilo lina maana ya kuondoa maji, jaribio la 40. Kiyeyusho chake chepesi hupenya katika nafasi finyu, hulegeza parafujo zilizoshikwa na kutu, kisha hugeuka mvuke na kuacha utando mwembamba wa mafuta. Utando huo haudumu. Kwa hiyo mnyororo wa baiskeli wahitaji mafuta mazito zaidi. Yasipulizwe kamwe kwenye breki, kwani huteleza, wala karibu na jiko linalowaka, kwani hushika moto upesi.