Mgeni wa Mombasa Asisahau Shimba

Mgeni afikaye Mombasa kwanza huitazama Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha hukimbilia pwani kuogelea. Ni vema, lakini wachache hujiuliza maji ya kunywa ya mji ule hutoka wapi. Na avuke kivuko cha Likoni, apande barabara ya Kwale mpaka Milima ya Shimba. Msitu wake, uliofanywa hifadhi mwaka 1968, hupokea ukungu na mvua zitokazo baharini, na humo zimo chemchemi za Marere, ziletazo Mombasa sehemu ya maji yake kwa mabomba. Msitu ukikatwa, mifereji ya mjini ndiyo itakayoona kiu. Humo pia huishi palahala, ambaye dume lake ni jeusi, na pembe zake ndefu zimepinda nyuma kama jambia; porini hapatikani penginepo katika Kenya nzima. Atakaye kumwona na aende alfajiri, kabla jua halijawa kali.