Nani ameosha hapa? Kabla hujapangusa meza mwizi akishatembea kwako

Ukirudi kwa keja jioni upate kufuli limekatwa, najua utakachofanya kwanza, kwa sababu hata mimi nilikifanya. Utasukuma mlango kwa kiganja kizima. Utaingia mbio kuangalia kama runinga ipo. Haipo. Utafungua droo zote, utainua godoro, utashika meza ileile mwizi aliyoshika akichomoa nyaya. Kisha utapiga nduru, na ploti nzima itaingia: mama wa chumba cha pili, keateka, watoto, na wale majamaa wa ngazini ambao hakuna anayejua hukaa chumba gani. Kila mtu atashika kitu huku akikuambia pole.

Kwetu ilikuwa hivyo, kwa ploti moja ya Eastlands nilikokuwa nikiishi na dadangu. Na kwa vile dada havumilii uchafu, afisa wa polisi alipofika kesho yake asubuhi alipata chumba kinanukia sabuni. Sakafu imepigwa deki, meza imepanguswa, na dirisha alilotokea mwizi linang'aa. Afisa alisimama mlangoni, akazungusha macho, akauliza, "Nani ameosha hapa?"

Wakati huo ploti ilikuwa tayari imejipatia mwizi wake. Ni kijana aliyekuwa akituletea maji. Aliingia kwetu na mitungi kila Jumanne na Ijumaa, anajua runinga iko wapi, anajua tunatoka saa ngapi. Hiyo ilitosha. Mtu alimzaba kofi kwenye ngazi na mitungi ikamwagika hadi chini. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, na sikusema kitu.

Tangu siku hiyo nimesoma sana kuhusu alama za vidole. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama, kwa hivyo sina cheti cha kukuonyesha. Lakini haya mambo hayahitaji cheti.

Washa tochi ya simu, uimulike ncha ya kidole chako kutoka upande. Unaona matuta madogo yaliyojipanga kama shamba lililolimwa? Hayo ulikuwa nayo tumboni mwa mama, kabla ya mwezi wa sita wa mimba. Jeni huchangia, lakini pia jinsi ulivyogeuka mle ndani, maji yaliyokuzunguka na kasi ya ngozi yako kukua. Ndiyo maana pacha wa kufanana kabisa, wale wanaochanganya hata DNA, huwa na alama tofauti. Na mizizi ya matuta hayo iko chini kwenye ngozi, kwa hivyo ukiungua kidogo na sufuria yatarudi vilevile. Jambazi wa Marekani John Dillinger alijaribu kuharibu zake mwaka wa 1934. Alipouawa kwa risasi mwaka huohuo, zilizobaki zilitosha kumtambua.

Umbo la jumla ni la aina tatu. Kuna kitanzi, ambapo mistari huingia, ikapinda na kurudi ilikotoka. Kuna mzingo, inayozunguka kama maji yakishuka kwenye sinki. Na kuna tao, ambapo mistari hupanda kama kilima kisha ikashuka upande wa pili. Katika kila alama 100, vitanzi ni kati ya 60 na 65, mizingo ni kama 30, na matao ni kama 5 tu. Kwa hivyo mtu akikuambia "ni yako, ina kitanzi kama yako," mcheke. Nusu ya watu kwenye matatu wana kitanzi kama hicho. Kazi yenyewe iko kwenye mambo madogo: mstari unakatikia wapi, unagawanyika mara mbili wapi, kijistari kifupi kimekaa wapi kati ya mirefu. Mtaalamu hulinganisha vitu hivyo kimoja kimoja, pamoja na nafasi iliyo kati yao.

Sasa ukigusa kioo, unaacha nini? Jasho, hasa. Tundu za jasho zimepangwa juu ya matuta hayo, na kidole chako ni kama muhuri. Kuna mafuta pia, lakini usidhani yanatoka kidoleni. Ngozi ya kiganja haina tezi za mafuta; hayo huyachukua usoni na kwenye nywele, kwa sababu mtu hujishika uso siku nzima bila kujua. Mwizi mwenye wasiwasi anayejifuta paji la uso kila dakika anakusaidia sana.

Alama nyingine huonekana kwa macho, kama ya damu au rangi mbichi. Nyingine hubonyea kwenye kitu laini kama sabuni au nta. Lakini nyingi hazionekani kabisa, na hizo ndizo dada alizipeleka kwenye ndoo.

Wakiwahi kufika kabla ya ndoo, wataalamu humulika tochi kwa pembe na kupiga picha kwanza, wakiwa wameweka rula kando ndipo ukubwa ujulikane. Halafu hupitisha poda laini kwa brashi, kidogo kidogo, ikashika kwenye jasho na mafuta. Alama inainuliwa kwa utepe wa gundi na kubandikwa kwenye kadi. Kwenye plastiki hutumia kitu utacheka: supagluu, hiyohiyo ya kugundisha soli ya kiatu. Ikipashwa moto ndani ya kisanduku kilichofungwa, mvuke wake huganda juu ya alama na kuifanya nyeupe. Kwenye karatasi kuna kemikali inaitwa ninhidrini, ambayo hugeuza mabaki ya jasho kuwa zambarau, hata kama yameingia kwenye karatasi miaka mingi iliyopita. Sehemu nzuri ni kioo, chuma kilichopakwa rangi na mbao za vanishi. Ukuta wa matofali na blanketi, sahau.

Afisa akikuomba alama zako pia, usikasirike ukidhani anakushuku. Anataka kuzitoa za wenye nyumba ndipo abaki na za mgeni.

Kuna kesi moja ya zamani ambayo mimi huifikiria nikikumbuka yule kijana wa maji. Mwaka wa 1892, mjini Necochea nchini Argentina, watoto wawili waliuawa nyumbani kwao. Mama yao, Francisca Rojas, alimtaja jirani. Jirani akakamatwa, akapigwa, akakataa katakata. Mpelelezi akarudi kwenye nyumba ile na kupata alama ya kidole gumba kwenye mlango, imechorwa kwa damu. Haikuwa ya jirani. Ilikuwa ya Rojas mwenyewe, na alipoonyeshwa, alikiri. Hiyo ni mojawapo ya kesi za kwanza za mauaji duniani kutatuliwa kwa alama ya kidole, na kabla hata ya kumfunga mtu, ilikuwa imemtoa mtu mwingine matatani. Fikiria kama jirani mwenye roho safi angeingia na kitambaa chenye maji kuusafisha ule mlango.

Kwetu Kenya, kwa bahati mbaya, hadithi ilianza vingine. Waingereza walijifunza mfumo wa kupanga alama nchini India, ambako maafisa wawili wa huko, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ndio waliofanya hesabu ngumu huku sifa zikimwendea bosi wao, Edward Henry. Halafu ukaletwa huku, si kwa wezi bali kwa kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16. Hicho ndicho kipande: sheria ya 1915, ikatekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, karatasi yenye alama za vidole ambayo babu zetu waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Harry Thuku aliikemea hadharani, akakamatwa mwaka wa 1922. Ukichovya vidole vyote kumi kwenye wino kwa ajili ya kitambulisho au cheti cha maadili mema cha DCI, kumbuka tumetoka wapi.

Lakini wacha nikuambie kinachonisumbua zaidi. Filamu zimetudanganya kwamba kompyuta hulia "pii" na picha ya mhalifu ikatokea. Kompyuta huleta orodha ya watu wanaokaribiana. Anayeamua ni binadamu, na binadamu huchoka, tena huona anachotaka kuona.

Machi 2004, mabomu yalilipuka kwenye treni mjini Madrid, Uhispania, na kuua zaidi ya watu 190. Alama ilipatikana kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na vilipushi. FBI wakasema ni ya Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon ambaye alama zake zilikuwa kwenye faili kwa sababu aliwahi kuwa jeshini. Wataalamu watatu wa FBI walikubaliana. Hata mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama alikubali. Mayfield alizuiliwa kama wiki mbili, ingawa hakukuwa na ushahidi kwamba amekanyaga Madrid. Mwishowe polisi wa Uhispania wakampata mwenye alama: raia wa Algeria. FBI waliomba radhi, na mwaka wa 2006 serikali ya Marekani ikamlipa dola milioni 2. Yaani watu wanne waliosomea kazi hiyo walitazama alama ileile na wote wakakosea.

Na hata alama ikiwa yako kweli, haina tarehe. Hakuna njia ya kuaminika ya kuitazama ukasema hii ni ya Jumanne na ile ya Jumamosi usiku. Chukua huyo kijana wetu. Alama yake kwenye mlango ingesema nini? Kwamba alishika mlango, ambao alikuwa akiushika mara mbili kwa wiki, na sisi tukimlipa. Lakini upande wa ndani wa dirisha, juu kabisa, pale mtu anaponing'inia akijitoa nje na mzigo, hakuwa na sababu hata moja ya kushika. Mkono uliokuwa pale ulikuwa wa mtu mmoja tu.

Kwa hivyo siku wakikuambia alama zako zimepatikana, usizimie. Uliza: wapi hasa? Vidole vilielekea juu au chini? Kitu chenyewe kimejengewa ukutani, au ni chupa ambayo inaweza kubebwa kutoka baa hadi kokote? Picha yake ilipigwa ikiwa palepale? Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 48, huyachukulia maneno ya mtaalamu kama maoni yanayokubalika mahakamani. Maoni huulizwa maswali.

Na ukipata kufuli limekatwa, simama nje. Piga simu, mwite keateka akae mlangoni asiingie mtu. Kama mvua inanyesha na kuna kitu uani, kifunike kwa beseni bila kukigusa. Kama lazima uinue kitu, kishike kwa kingo, mahali ambapo mtu wa kawaida hashiki, na usikipanguse hata kama kina matope. Ndiyo, najua, si kila kituo kitakutumia watu wa poda kwa sababu ya runinga ya inchi 32. Sisi tulipewa nambari ya OB na hadi leo tunangoja. Lakini sisi hata wangekuja wote na mabegi yao, hakukuwa na kitu cha kuokota. Dada alilipangusa lile dirisha mara mbili.

Kijana wa maji alirudi mara moja tu, kuchukua pesa za mitungi minne tuliyokuwa hatujalipa. Dada alimwambia aingie, akakataa. Alisimama hatua moja nje ya mlango, mikono ndani ya mifuko, na alipoitoa ilikuwa ya kupokea pesa tu. Hakugusa hata fremu.