Juu ya nini karti ndogo za ordinateri zinazeeka haraka?

Karti moja ndogo, karibu na ukubwa wa karti ya uchaguzi, inaweza kufanya kazi ya ordinateri nzima. Haikuli umeme mwingi, hata panneau ndogo ya jua na betri vinaweza kuitosha. Ndiyo maana shule zisizo na intaneti zinaweza kuitumia kwa kuwekea wanafunzi masomo na vitabu. Inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35. Kisha viwanda vingine, zaidi vya China, vikatoa za kufanana nayo.

Lakini bei ya chini inaweza kuficha shida. Mutu ananunua karti, inatumika muzuri, kisha miaka miwili inapita, programu mpya zinakataa kuingia. Chuma iko nzima. Kilichozeeka ni kerneli.

Kerneli ni nini? Ni programu ya katikati, inayosimama kati ya vyuma na programu zingine zote. Karti nyingi za namna hii zinatumia kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991. Kila kifaa, iwe wifi, sauti ao skrini, kinahitaji programu yake ndogo ndani ya kerneli, inayoitwa piloti. Bila piloti, kifaa kiko pale, lakini masini haikioni.

Kwa ordinateri ya kawaida ya meza, vifaa vingi vinajitambulisha vyenyewe. Kwa karti zenye chipu ya ARM, mambo ni tofauti. Kila kiwanda kinapanga vifaa kwa namna yake, na kerneli inapaswa kuambiwa mapema kila kitu kiko fasi gani. Ni kama fundi wa maji anayeingia nyumba bila plani: hajui mabomba yanapita wapi.

Zamani plani hizo zilikuwa zinaandikwa ndani ya kerneli yenyewe, karti kwa karti. Mwaka 2011 Torvalds akalalamika waziwazi kwamba sehemu ya ARM imejaa fujo. Watengenezaji wakachagua kutenga plani katika faili za pembeni, zinazoitwa mti wa vifaa. Kufika mwisho wa 2012, katika toleo 3.7, kerneli moja ikaweza kuwasha karti za viwanda mbalimbali.

Shida haikuisha. Kiwanda kinaweza kuchukua nakala ya kerneli, kinaongeza piloti zake, kinauza, kisha kinahamia kwenye chipu mpya. Nakala inabaki yatima. Wakati tundu la usalama linagunduliwa, kerneli kubwa inasahihishwa, lakini ile nakala haipati kitu. Telefone za Android, zinazotumia pia kerneli ya Linux, zinapata ugonjwa huohuo.

Dawa yake ni kuingiza piloti katika kerneli kubwa, ile inayotoa toleo jipya karibu kila miezi miwili. Kazi hiyo inaomba uvumilivu: mtengenezaji anatuma maandishi, wengine wanayachunguza, wanayarudisha, anasahihisha, anatuma tena. Yakikubaliwa, karti inaendelea kupata matoleo mapya, hata kama kiwanda kimeisahau.

Mfano ni chipu za Allwinner, zinazopatikana kwenye karti nyingi za bei ya chini. Kikundi cha linux-sunxi, chenye watu wengi wa kujitolea, kilianza kuziingiza katika toleo 3.8, mwaka 2013. Kwa video ilibidi kungoja. Mwaka 2018 Bootlin, kampuni ya Ufaransa, iliomba watu wachange mafranga ili piloti ya video iandikwe. Watu wakachanga, na mwisho wa mwaka uleule piloti ikaingia.

Kwa hiyo shule ao redio inayotaka kununua karti inapaswa kuuliza kabla ya kulipa: je, inawaka na kerneli kubwa? Wifi na sauti vinatumika nayo? Debian ao Armbian ya sasa inaikubali? Kama programu yake inapatikana tu kwa kiwanda, na ni ya miaka iliyopita, hiyo ni alama mbaya. Karti ya dola chache inayopaswa kubadilishwa kila mara inamaliza mafranga kuliko ile iliyokuwa ghali kidogo.