Bei ya pikapu mpya: mkulima apige hesabu kabla ya kuomba punguzo

Mkulima wa viazi wa Njombe anapopanda basi kwenda Dar es Salaam kununua pikapu mpya, kazi ngumu huwa ameshaifanya. Amelima misimu mitatu au minne, amelipa deni la mbolea, ameuza, amejinyima. Lakini nusu saa atakayokaa na muuzaji katika moja ya maduka makubwa ya magari ya Barabara ya Nyerere inaweza kumrudisha nyuma msimu mzima.

Wengi waliozoea kupatana bei sokoni hufika kwenye duka la magari mapya wakawa wapole ajabu. Mtu anayeweza kubishana na dalali wa Mabibo robo saa nzima kwa ajili ya Sh2,000 kwenye gunia, akikuta kiyoyozi, sakafu inayong'aa na kijana aliyefunga tai, huuliza bei mara moja, akatajiwa, akakubali. Akijikaza sana husema, "Nipunguzie kidogo," na hupewa mazulia ya miguuni na kofia yenye jina la kampuni.

Bei ya gari jipya hupatanwa kama bei ya kitu kingine chochote. Tatizo ni kwamba mnunuzi huomba apunguziwe kitu ambacho hajui kimejengwa na nini, kwa hiyo hajui aombe kiasi gani, wala muuzaji anaposema "hapa sina faida" hajui kama ni kweli au ni maneno ya biashara.

Ndani ya bei kuna nini

Pikapu nyingi mpya zinazouzwa nchini huingia bandarini zikiwa zimekamilika. Zinapofika hutozwa ushuru wa forodha, ambao kwa magari madogo ya mizigo ni asilimia 25 chini ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ya asilimia 18. Zipo na tozo nyingine ndogo ndogo, ambazo hapa zitaachwa ili hesabu isichoshe.

Tuseme gari limefika Dar es Salaam likiwa na thamani ya Sh70 milioni, pamoja na nauli ya meli na bima ya safari. Ushuru wa asilimia 25 ni Sh17.5 milioni, na jumla inakuwa Sh87.5 milioni. VAT juu ya jumla hiyo ni Sh15.75 milioni. Dukani gari hilo hilo limebandikwa Sh118 milioni. (Tarakimu hizi ni za mfano tu, si bei ya gari la kampuni yoyote.)

Mnunuzi wa kawaida akiambiwa kwamba muuzaji ameshalipa Sh103.25 milioni mpaka gari limetoka bandarini, ataamini kwamba faida ni hiyo Sh14.75 milioni iliyobaki. Sivyo. VAT aliyolipa bandarini muuzaji huirudisha anapopeleka hesabu zake Mamlaka ya Mapato, kwa kuiondoa kwenye VAT aliyomtoza mteja. Kwa hiyo VAT iondolewe pande zote mbili. Bei ya Sh118 milioni ukiigawa kwa 1.18 unapata Sh100 milioni. Gari limemgharimu Sh87.5 milioni. Uwanja wa kupatana bei ni Sh12.5 milioni, na humo humo muuzaji analipa gharama za bandari, pango, mishahara, matengenezo ya bure aliyoahidi na riba ya benki.

Hesabu hii inasaidia kwa njia mbili. Kwanza, inamzuia mkulima kuomba punguzo la asilimia 20, ambalo litamfanya aonekane amekuja kupoteza muda. Pili, inamwonyesha kwamba muuzaji akikubali kushusha Sh3 milioni kabla ya VAT, mnunuzi anaokoa Sh3.54 milioni, kwa sababu kodi nayo inashuka. Fedha hiyo kwa mkulima mdogo ni mbegu na mbolea za msimu.

Muuzaji hawezi kumwonyesha mteja karatasi zake za forodha, na hana sababu ya kufanya hivyo. Lakini wauzaji wa nje, hasa wa Thailand, hutangaza katika intaneti bei za pikapu mpya kabla ya nauli. Bei hizo zinatosha kumpa mtu makadirio. Si lazima aagize huko. Kuagiza mwenyewe kunaweza kumkosesha dhamana ya hapa nchini.

Inafaa pia kuuliza gari limetoka kiwanda gani. Hilux, kwa mfano, hutengenezwa Thailand na pia Durban, Afrika Kusini. Tanzania ni mwanachama wa SADC, na bidhaa ya Afrika Kusini yenye cheti cha asili cha jumuiya hiyo inaweza kupata nafuu ya ushuru. Kama nafuu ipo, mnunuzi ana haki ya kuuliza imeishia mfukoni mwa nani.

Wapo wanaoingia dukani wakidai msamaha wa kodi kwa kuwa gari ni la shamba. Trekta la kilimo huingia kwa ushuru wa asilimia sifuri katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wengi hudhani pikapu nayo imo. Haimo. Kuibishania ni kupoteza nguvu.

Gari lililokaa muda mrefu

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitumii ni umri wa gari dukani. Muuzaji aliyekopa Sh87.5 milioni benki kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, gari likikaa miezi sita bila kununuliwa, limekula zaidi ya Sh6.5 milioni za riba. Hiyo ni zaidi ya nusu ya uwanja wake wote wa faida. Gari la namna hiyo linamuuma kila siku analolitazama.

Kwa hiyo mnunuzi asiyechagua sana rangi ana nguvu kuliko anayesema anataka ya fedha yenye viti vya kijivu, ambayo italazimika kuagizwa. Aulize yapo yapi uani sasa hivi, na yaliingia lini. Mwaka wa kutengenezwa uandikwe kwenye karatasi ya bei, maana gari lililotoka kiwandani mwaka juzi huweza kusajiliwa mwaka huu likaonekana ni la juzi.

Mabadiliko ya matoleo nayo yana faida yake. Toleo la nane la Hilux lilianza mwaka 2015, na mrithi wake alionyeshwa Thailand Novemba 2025. Toleo jipya linapokaribia kuingia, la zamani lililobaki uani hupungua heshima kwa muuzaji wakati barabara ya Makete haijui tofauti. Anayetaka gari la kubebea viazi, si la kuonwa nalo, huo ndio wakati wake.

Maonyesho ya Nanenane ni mahali pazuri pa kukutana na wauzaji wengi kwa siku moja, iwe Nzuguni mjini Dodoma au viwanja vya John Mwakangale mjini Mbeya. Ila "bei ya maonyesho" ni jina tu mpaka iandikwe, ipigwe mhuri na iwe na tarehe ya mwisho.

Karatasi tatu mezani

Njia ya uhakika ya kujua bei ya haki ni ya zamani: kupata bei tatu za maandishi za gari la aina ile ile. Karatasi hiyo maofisini huitwa profoma, na hutolewa bure. Kama gari la kampuni moja lina wakala mmoja tu nchini, basi ilinganishwe na pikapu ya kampuni nyingine ya ukubwa ule ule, na muuzaji aambiwe hivyo waziwazi.

Kulinganisha kunahitaji macho. Profoma moja inasema Sh112 milioni, VAT ikiwemo. Nyingine inasema Sh98 milioni, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, "bila VAT". Anayetazama tarakimu kubwa ataiona ya pili ni nafuu kwa Sh14 milioni. Akiizidisha kwa 1.18 atapata Sh115.64 milioni, yaani ni ghali zaidi kwa Sh3.64 milioni. Watu wamesafiri kutoka mikoani na fedha pungufu kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Halafu kuna dola. Kwa miaka mingi magari mapya yalitajiwa bei kwa dola, na mteja akalipa shilingi kwa kiwango alichokisema muuzaji. Dola ilipita Sh2,600 katikati ya mwaka 2024, kisha Desemba mwaka huo ikashuka chini ya Sh2,500. Katika gari la dola 45,000, tofauti ya Sh100 kwa dola ni Sh4.5 milioni. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja au kulipisha bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika maeneo machache. Profoma ya mkulima inapaswa kuwa ya shilingi, yenye tarehe ya ukomo, ili kiwango kikibadilika wiki ijayo asiambiwe bei imepanda.

Bampa, turubai, king'ora, bima kubwa na gharama za usajili ndiko punguzo linakorudishwa kimya kimya. Muuzaji aliyeshusha Sh3 milioni asubuhi anaweza kuzikusanya zote kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo swali liwe moja: gari likiwa na namba, tayari kuingia barabarani, ni shilingi ngapi? Bima itafutwe pia kwa wakala mwingine kabla ya kukubali ya dukani.

Mwenye gari la zamani analotaka kulitoa kama sehemu ya malipo asilitaje mpaka bei ya jipya imekubaliwa. Akilitaja mapema, ataongezewa Sh3 milioni kwenye la zamani na kunyimwa Sh5 milioni kwenye jipya, na ataondoka akisifu ukarimu wao.

Mkopo unastahili tahadhari kuliko yote. "Riba asilimia 10" ina maana mbili. Mkopo wa Sh60 milioni kwa miaka mitatu, riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo kila mwaka, una riba ya Sh18 milioni. Riba hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya deni linalobaki kila mwezi, ni karibu Sh9.7 milioni. Tofauti ya Sh8.3 milioni ni kubwa kuliko punguzo lolote ambalo muuzaji angetoa. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza mkopo maalumu wa Sh1 trilioni kwa benki zitakazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Mkulima aiulize benki yake kama ina mikopo ya kilimo yenye masharti nafuu, na kama pikapu ya kubebea mazao inahesabiwa humo, kabla ya kusaini mkopo wa kawaida wa gari.

Fedha ya wengi

Hali ni nyeti zaidi pale mnunuzi anapokuwa chama cha msingi cha ushirika. Hapo anayepatana bei si mwenye fedha, na ndipo "cha juu" kinapopata mlango. Muuzaji au dalali anapandisha bei kwenye karatasi, anayetumwa anakubali haraka, na tofauti wanagawana. Wanachama wanaona gari jipya limefika, wanapiga vigelegele, na hakuna anayejua kwamba kilo kadhaa za korosho au kahawa ya kila mmoja zimeondoka nalo.

Hakuna dawa ya kiufundi hapa. Profoma ziombwe na bodi, zifunguliwe mbele ya wanachama, fedha iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni inayouza, risiti ya EFD itolewe kwa jina la chama, na kadi ya gari iwe na jina hilo hilo. Chama kinachokopa kinahitaji pia ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Wakaguzi wa COASCO watakapokuja, karatasi tatu zikiwa kwenye faili zitajibu maswali yao.

Vyama viwili au vitatu vinavyotaka magari mwaka mmoja vingefanya vizuri kwenda pamoja. Wauzaji wengi huwa na ofisa wa wateja wanaonunua magari mengi, na bei zake si zile za ukumbini. Serikali hununua kwa mkupuo kwa sababu hiyo hiyo. Wakulima wanne wa kata moja, wenye fedha tayari na barua moja, nao ni wateja wa kusikilizwa.

Malipo yakishakamilika, hati ya kupokea gari husainiwa baada ya ukaguzi, si kabla. Namba ya chasisi ilingane na iliyo kwenye kadi na kwenye profoma. Kilomita zisomwe. Tairi la akiba, jeki, kitabu cha matengenezo na ufunguo wa pili viwepo. Ufunguo wa pili ukiwa "utaletwa wiki ijayo", hati isisainiwe siku hiyo.